Dhahabu ya uzeeni isiuzwe kwa bei ya kangomba

Oktoba ni mwezi wa korosho kwa watu wa Masasi na Newala. Magunia yanatoka kwenye vyama vya msingi kwenda maghala makuu, minada inafunguliwa, na kuanzia Chidya hadi Kitangari kila nyumba inasikilizia bei. Oktoba ya mwaka 2025 ilikuja na bei nyingine ya kusikiliziwa. Dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, ikapanda hadi karibu dola 4,380 tarehe 20, na kesho yake ikaanguka kwa zaidi ya 5% ndani ya siku moja. Kwa mwalimu anayekaribia kustaafu, au mkulima aliyevuna vizuri na anauona uzee unakuja, swali linalofuata ni la haki kabisa: je, sehemu ya akiba ya uzeeni iwekwe kwenye dhahabu, na bei inayumba namna hii? Jibu langu ni ndiyo, kwa kiasi kidogo, na kwa sharti moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mjadala wote wa kupanda na kushuka kwa bei. Sharti lenyewe ni kwamba mwenye dhahabu hiyo asiwe mtu atakayelazimika kuiuza.

Watu wa nyanda hizi hawahitaji mchumi wa kuwafundisha maana ya kuuza kwa shida. Wana kangomba. Inafika Februari au Machi, fedha za msimu zimekwisha, chakula kipya hakijakomaa, mtoto anadaiwa michango na nauli ya kwenda bweni, na anatokea mtu mwenye pesa taslimu. Huyo ananunua korosho ambazo hazijatoka hata maua, kwa bei anayoipanga mwenyewe, na msimu ukifika anapimiwa kwa bakuli lililojaa mpaka linamwagika badala ya mizani. Korosho ni ile ile inayokwenda mnadani. Udongo ni ule ule, mkorosho ni ule ule, na bei inayotangazwa redioni ni moja kwa wote. Tofauti ni kwamba mmoja aliweza kungoja na mwingine hakuweza. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwaita wanajeshi kuzisomba, ilianza kwa kuhakiki mashamba ili kuwatenga walanguzi hao, na hata wakulima halali wakajikuta wanangoja fedha zao. Bei ya kilo ilikuwa imeshatangazwa nchi nzima, lakini bei peke yake haikuweka chakula mezani. Kilichoamua hali ya nyumba ni kama ilikuwa na akiba ya kuivusha miezi ile ya kungoja. Somo hilo la korosho ndilo hasa somo la dhahabu, na nashangaa kwamba wanaoisifia dhahabu kama kimbilio la wazee huliruka.

Tuitazame historia yenyewe. Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa inauzwa kwa karibu dola 250. Ile bei ya dola 850 haikuonekana tena mpaka Januari 2008, yaani baada ya miaka 28, na dola ya mwaka 2008 ilikuwa inanunua vitu vichache sana ukilinganisha na dola ya 1980. Mtu aliyestaafu mwaka 1980 akiwa na miaka 60, akaweka mafao yake yote kwenye dhahabu ile wiki ambayo kila gazeti duniani lilikuwa linaiandika, angetakiwa kufikisha miaka 88 ili aione tena fedha yake kwa hesabu ya dola tu. Halafu ikaja mara ya pili. Septemba 2011 bei ilifika karibu dola 1,900. Aprili 15, 2013, ilianguka kwa takriban 9% kwa siku moja, na Desemba 2015 ilikuwa karibu dola 1,050. Kiwango cha 2011 kilipitwa tena mwaka 2020. Wauzaji wa dhahabu husema kushuka kwa bei si hasara mpaka mtu auze, na kwa kijana wa miaka 30 mwenye mshahara wanasema kweli, kwani miaka tisa ni muda wa kungoja tu. Kwa mzee wa miaka 62 miaka tisa hiyo ndiyo miaka yenyewe ya kustaafu. Ndani yake kuna hospitali, kuna paa la kuezekwa upya, kuna msiba. Hauzi kwa sababu bei imemridhisha. Anauza kwa sababu kuna jambo Jumatatu.

Hoja hii ina mpinzani mwenye nguvu, naye ni historia ya shilingi yetu. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa karibu shilingi 8 kwa kiwango rasmi. Mwaka 1999 ilikuwa karibu shilingi 750. Chukua ile ile wakia iliyoporomoka kutoka dola 850 hadi 250 uihesabu kwa shilingi: ilitoka takriban 7,000 ikafika takriban 190,000. Katika dola mwenye dhahabu alipoteza zaidi ya theluthi mbili ya mali yake. Katika shilingi mali hiyo hiyo iliongezeka zaidi ya mara 25. Ni kweli kwamba bei za bidhaa nchini zilipanda kwa kasi kubwa kuliko hiyo, maana mfumuko wa miaka ya 1980 ulikuwa karibu 30% kila mwaka, kwa hiyo hata dhahabu haikumlinda mtu kikamilifu. Lakini aliyekuwa na dhahabu alibaki na kitu. Aliyekuwa na pensheni ya shilingi zilizopangwa miaka ya 1970 alibaki na karatasi za kununulia sukari ya siku chache. Na kwa watu wa Mtwara pigo hilo lilikuja pamoja na jingine. Korosho za nchi nzima, ambazo msimu wa 1973/74 zilifika karibu tani 145,000, zilianguka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, baada ya uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa kuwatenga na mikorosho yao, bei ya mkulima kudidimia, na ugonjwa wa ubwiriunga kuingia mashambani. Shilingi iliyeyuka na mkorosho ukanyauka katika muongo mmoja. Hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya kuwa na dhahabu: haifungamani na thamani ya shilingi wala na hali ya shamba, na viwili hivyo vikianguka pamoja, kama vilivyowahi kuanguka, mzee anakuwa na kitu cha tatu. Bila historia hiyo ningesema mstaafu wa Masasi aachane nayo kabisa.

Hata hivyo, kinga dhidi ya janga si chakula cha kila siku. Tangu mwaka 2015 wastani wa mfumuko wa bei nchini kwa mwaka haujafika 6%, na shilingi ya leo si shilingi ya 1985. Tena kinga hiyo ina upande wa pili ambao watu hawauhesabu. Miezi ya mwisho ya mwaka 2024 shilingi iliimarika kutoka karibu 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400. Mwenye dhahabu aliyekuwa anahesabu mali yake kwa shilingi aliona karibu sehemu ya kumi ikimponyoka ndani ya wiki chache, na bei ya dhahabu duniani haikuwa imeanguka kwa kiasi hicho. Kwa hiyo anayenunua dhahabu huku ameketi Chidya ananunua bei mbili zinazoyumba kwa mpigo: bei ya wakia na bei ya dola. Zikipanda pamoja anafurahi mara mbili, na zikishuka pamoja machungu nayo ni mara mbili.

Wapo watakaoniambia niangalie Benki Kuu. Tangu Oktoba 1, 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu nchini wanatakiwa kutenga angalau 20% ya dhahabu yao kwa ajili ya kuiuzia Benki Kuu ya Tanzania, na husafishwa humu humu nchini katika viwanda kama kile cha Mwanza. Benki kuu za dunia kwa jumla zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Kama Dodoma inanunua, Beijing inanunua na Warsaw inanunua, kwa nini mwalimu mstaafu asinunue? Nami nawaongezea hesabu inayowasaidia. Mwenye shilingi milioni 10 aliyenunua dhahabu mwanzoni mwa 2022, wakia ikiwa karibu dola 1,800 na dola karibu shilingi 2,300, mwezi Oktoba 2025 alikuwa na mali ya zaidi ya shilingi milioni 23. Hakuna hatifungani iliyomfikia. Sikatai hesabu hiyo na sitafuti namna ya kuipunguza. Ninachosema ni kwamba aliyechagua mwaka 2022 ameuchagua baada ya kuona matokeo, na aliyechagua 1980 au 2011 hakuwa mjinga kuliko yeye. Na Benki Kuu haina mwisho wa mwezi kama wa mwalimu mstaafu. Inaweza kukaa na dhahabu iliyoshuka kwa miaka 20 bila kulala njaa, haiugui, haisomeshi wajukuu. Kazi ya akiba yake ni kuilinda nchi isikwame kulipia mafuta na dawa kutoka nje. Kazi ya akiba ya mzee ni kumlisha mzee. Ukifuata ununuzi wa Benki Kuu bila kuwa na subira ya Benki Kuu, umechukua nusu ya somo, tena ile nusu ya hatari.

Hapa ndipo wazee wawili wa kijiji kimoja wanapotofautiana. Mmoja alifundisha kwenye shule kongwe ya sekondari ya Chidya, iliyoachwa na wamisionari wa UMCA, na amestaafu kupitia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Safari ya kikokotoo cha mafao anaifahamu: kanuni za mwaka 2018 zilizoushusha mkupuo hadi 25% kwa wengi, kelele zilizofuata, kusitishwa kwake Desemba mwaka huo huo, 33% kuanzia Julai 2022, na hatimaye tangazo la bajeti ya Juni 2024 la kuipandisha hiyo 33% hadi 40%. Watumishi waliupigania mkupuo mkubwa, na naelewa kwa nini. Ni fedha yao na nyumba haijengwi kwa pensheni ya mwezi. Lakini kwa suala letu, ile sehemu isiyolipwa kwa mkupuo, inayoingia kila mwezi mpaka kufa, ndiyo inayompa mwalimu huyu uwezo wa kuwa na dhahabu kidogo. Bei ikishuka kwa theluthi, unga bado unanunuliwa. Dhahabu yake inaweza kulala. Mzee wa pili ni mkulima. Hakuwahi kuwa na mwajiri wa kumchangia, mfuko wa NSSF unapokea waliojiajiri lakini yeye hakujiunga mapema, na pensheni yake ni mikorosho. Mapato yake yanakuja mara moja kwa mwaka, kati ya Oktoba na Januari, baada ya makato, kupitia benki. Msimu wa 2023/24 bei za minada zilianguka hadi karibu shilingi 2,000 kwa kilo. Oktoba 2024 minada ilifunguliwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Huyu anaishi na bei inayoyumba maisha yake yote. Ndiye anayehitaji zaidi kitu kisichofungamana na korosho, na ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kukitunza, kwa kuwa Machi ikifika hana kingine cha kuuza.

Kwa mkulima huyo, dhahabu inayonunuliwa Desemba kwa furaha ya mnada na kuuzwa Machi kwa shida ni kangomba ile ile iliyobadilishwa bidhaa. Sonara naye ni mfanyabiashara. Anajua anayekuja asubuhi na mapema, na bangili imefungwa kwenye kitambaa, hakuja kuuliza bei ili arudi nayo nyumbani. Kwa sababu hiyo naona utaratibu ndio wenye uzito, kuliko hata kiasi. Kwanza iwepo fedha ya kuifikisha nyumba kutoka Januari hadi mnada unaofuata: chakula, palizi, kupulizia dawa mikorosho kuanzia Mei, matibabu. Fedha hiyo ikae benki au kwenye mfuko unaoruhusu kutoa haraka, kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS. Baada ya hapo kije kitu kinachozaa kipato bila kuuzwa. Hatifungani za Serikali zinaanzia shilingi milioni moja. Aliyewahi kununua ile ya miaka 20 yenye riba ya 15.49%, kwa shilingi milioni 10 anapokea 1,549,000 kila mwaka, nusu yake kila baada ya miezi sita, na shina linabaki. Riba hizo hupanda na kushuka, na mwaka 2022 matoleo mapya ya miaka 20 yaliteremshwa hadi 12.1%, kwa hiyo mnunuzi aangalie toleo lililo mezani. Lakini hata kwa kiwango hicho cha chini, mzee analipwa bila kuomba mtu amnunulie kitu. Dhahabu haina tabia hiyo. Gramu 20 ulizozifungia kabatini leo zitakuwa gramu 20 baada ya miaka kumi, na ili ule sehemu yake ni lazima uikate.

Kuna msomaji ambaye hatifungani hazimfai kwa sababu za dini, na nyanda hizi zina Waislamu wengi wanaojiepusha na riba. Kwao dhahabu ni mali halali isiyo na shaka, na nawaheshimu wanaoichagua kwa sababu hiyo. Nawaomba tu wahesabu mambo mawili. Dhahabu ya akiba ikifika nisabu ya takriban gramu 85 na kupitiwa na mwaka hutolewa zaka ya 2.5%, na kwa kuwa yenyewe haizai, zaka hiyo italipwa kwa fedha nyingine au kwa kuuza kipande. Jambo jema kwa mwenye kipato, zito kwa asiye nacho. La pili ni kwamba milango mingine imeanza kufunguka. Sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, zinauzwa nchini sasa, na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilitoa zake mwaka 2025. Nyumba ya kupangisha mjini Masasi, au ubia wa kweli wa faida na hasara, nao ni kipato kisicho na riba.

Pia kuna hoja ya wanawake, na hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Wamakua, Wamakonde na Wayao kwa desturi hufuata upande wa mama katika ukoo na urithi, lakini desturi hiyo leo inagongana na sheria, na dini, na tamaa ya watu pale mikorosho inapokuwa na thamani. Ndoa ikivunjika au mume akifa, mikorosho ambayo mwanamke ameipalilia miaka 20 inaweza kuzua kesi kati ya wajomba, watoto na ndugu wa marehemu. Mafao ya mfuko wa pensheni hufuata majina yaliyojazwa kwenye fomu, na wengine hawajui nani aliandikwa. Mkufu ulio shingoni mwake hauna mgogoro huo. Ni wake, kijiji kinajua ni wake, na akiondoka unaondoka naye. Thamani hiyo haionekani kwenye chati yoyote ya bei, na mtu asiyeihesabu hajaelewa kwa nini mama zetu wa pwani na bara ya kusini walishikilia dhahabu hata nyakati ambazo hesabu ya fedha ilikuwa inawakataza. Kwa mwanamke ambaye haki yake kwenye shamba ina mashaka, ningekubali sehemu ya dhahabu iwe kubwa kuliko ile ninayoipendekeza kwa wengine. Lakini hata yeye asiinunue kwa fedha ya chakula.

Hebu tuje kwenye dhahabu yenyewe, maana wengi wanaposema bei imefika dola 4,000 wanazungumzia kitu ambacho hawana. Wakia ni gramu 31.1 za dhahabu safi. Kwa dola 4,000 na dola moja kwa shilingi 2,450, gramu moja safi ni takriban shilingi 315,000. Bangili ya karati 18 ina dhahabu robo tatu tu, kwa hiyo kila gramu yake ina thamani ya takriban shilingi 236,000. Uliponunua ulilipia ufundi, ukalipia faida ya duka. Unapouza, sonara anapima uzito, anakata kwa ajili ya mawe na uchafu, anaweka faida yake, na ufundi haurudi. Mtu anaweza kuona bei ya dunia imepanda kwa 10% na bado akauza kwa hasara. Anayenunua kwa ajili ya uzee achague karati za juu, 22 kwenda mbele, zisizo na mawe wala nakshi nyingi, atake risiti yenye uzito na karati, na aihifadhi risiti hiyo mbali na dhahabu yenyewe. Asiweke chini ya kitanda. Na asiguse kabisa dhahabu ghafi inayotembezwa na watu wanaodai wametoka nayo machimboni Namungo au kwingineko. Kumiliki au kusafirisha madini ghafi bila leseni ni kosa kisheria, biashara yake ina masoko rasmi ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, na mara nyingi kile kinachong'aa kwenye chupa ya mtu wa barabarani ni shaba tu ya utapeli.

Kuhusu kiasi, nasimama kwenye sehemu moja ya kumi ya akiba yote, baada ya kutenga fedha ya mwaka. Najua namba hiyo itawakera wa pande zote. Wapenzi wa dhahabu watasema ni ndogo mno kuleta maana. Nawajibu kwamba sehemu moja ya kumi iliyopanda zaidi ya mara mbili, kama ilivyopanda kati ya 2022 na 2025, imeongeza zaidi ya sehemu ya kumi kwenye akiba nzima, na iliyoshuka kwa nusu imepunguza sehemu moja ya ishirini tu. Mzee anaweza kuishi na hesabu zote mbili. Wasioiamini watasema kwa nini kujisumbua. Nawarudisha kwenye miaka ya 1980. Na ununuzi wenyewe usifanywe kwa siku moja. Mstaafu anayepokea mkupuo na kuumwaga wote kwenye dhahabu wiki hiyo hiyo ameikabidhi miaka yake yote ya kazi kwa bei ya siku moja. Anunue kidogo kidogo kwa misimu minne au mitano. Mkulima anunue mwaka wa bei nzuri ya korosho tu, na mwaka wa bei mbaya asinunue hata gramu. Jambo gumu zaidi ni lile linalokuja dhahabu inapopaa: ikishavuka sana sehemu yake ya kumi, huo ndio wakati wa kuuza kipande kwa hiari na kukipeleka kwenye kinachozaa, wakati ambapo majirani wote wanakimbilia kununua. Kuuza kwa hiari katika mwezi mzuri ndiko kunakomwepusha mzee na kuuza kwa lazima katika mwezi mbaya.

Haya yote yangekuwa mepesi kama nchi inayochimba dhahabu ingemuuzia mwananchi wake dhahabu kwa njia ya kueleweka. Mkenya anaweza kununua vipande vya mfuko wa dhahabu kwenye Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka 2017, hata kama biashara yake imekuwa ndogo. India ilianzisha hatifungani za dhahabu mwaka 2015, zikilipa riba ya kila mwaka juu ya bei ya dhahabu, na mwaka 2024 ikaacha kutoa mpya baada ya bei kupanda na mzigo wa kuwalipa wenye nazo kuielemea hazina. Kwa hiyo sipendekezi tuige India, maana Serikali isiahidi bei ambayo haiitawali. Kinachowezekana ni cha chini zaidi na cha manufaa zaidi: vipande vya gramu moja, mbili na tano, vilivyosafishwa hapa nchini na kugongwa muhuri wa uzito na usafi, vinavyouzwa na kununuliwa tena kwenye matawi ya benki kwa bei mbili zinazobandikwa ukutani kila asubuhi. Mama wa Newala angenunua gramu moja baada ya mnada bila kulipia ufundi, na siku akitaka kuuza asingekuwa mbele ya mtu mmoja mwenye mizani yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007 ulilenga jambo hilo hilo kwa korosho, yaani mizani ya wazi na bei inayoonekana, na pamoja na kasoro zake zote hakuna mkulima mwenye akili anayetaka kurudi kwenye bakuli.

Naiomba Benki Kuu, ambayo tayari inanunua dhahabu inayosafishwa hapa nchini, ilifikirie hilo kabla ya msimu ujao wa minada. Na kwako mstaafu, au wewe unayekaribia: kabla ya kununua gramu ya kwanza, hesabu kwanza kama una fedha ya kula mpaka Oktoba.